Shule za Wenyewe: Michango ya Elimu ya Watoto katika Nchi ya Wakikuyu

Mtu maskini akitoa senti zake za mwisho kwa ajili ya jambo, huwa amesema waziwazi kuliko mwenye hotuba ndefu. Kwa kipimo hicho, shule za kujitegemea za Wakikuyu nchini Kenya ni ushahidi mkubwa katika historia ya elimu ya Afrika ya Mashariki. Shule hizo hazikuanzishwa na dola wala na matajiri. Zilianzishwa na wakulima walioamua kwamba mtoto asiyejua kusoma atakuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe.

Kabla ya mwaka wa 1929, shule nyingi za Waafrika katika wilaya za Kiambu, Murang'a na Nyeri zilikuwa mikononi mwa misheni. Serikali ilitoa ruzuku. Misheni zilitoa usimamizi na kanuni. Wazazi walitoa ardhi, miti, karo na nguvu za mikono yao. Ulikuwa ushirika wa watu watatu, lakini wa tatu, ingawa alitoa kwa jasho, hakuwa na neno katika baraza. Ni kweli kwamba shule chache zisizo za misheni zilikwisha kuonekana katika miaka ya 1920, lakini zilikuwa kama cheche zilizotawanyika.

Kilichoziwasha ni ugomvi wa mwaka wa 1929. Misheni kadhaa, ile ya Kanisa la Scotland ikiwa mstari wa mbele, ziliwataka waumini na walimu wao waikane tohara ya wanawake. Yafaa mwanahistoria aseme mambo mawili kwa pamoja. Desturi iliyokuwa ikitetewa iliwadhuru wasichana. Na namna ya kuipiga vita iliwafanya watu wengi waone kwamba wanaamriwa kuchagua baina ya shule na kabila lao. Walimu wakaacha kazi, watoto wakatolewa madarasani, na majengo yaliyosimamishwa kwa miti ya wanakijiji yakabaki matupu. Ndipo wazazi walipotambua kwamba shule waliyoijenga haikuwa yao.

Jawabu lao lilikuwa kujenga nyingine. Vikatokea vyama viwili vikuu: Chama cha Shule za Kujitegemea za Wakikuyu, kilichojulikana kwa herufi zake KISA, na Chama cha Elimu cha Karing'a. Vyote viwili vilitaka elimu ya kisasa, tena zaidi ya ile iliyotolewa na misheni. Wazazi walidai Kiingereza kifundishwe mapema kuliko ilivyoruhusu mitaala ya serikali, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha iliyotumika ofisini, na mashauri ya ardhi yalikuwa yakiamuliwa na wanaoijua. Katika mwaka wa 1936 KISA ilikubali kufuata mitaala ya serikali; Karing'a ilikataa, ikihofia kwamba mwenye kuandika mitaala ndiye atakayeitawala shule.

Tatizo zito lilikuwa walimu, kwani nyumba ya udongo huweza kujengwa kwa juma moja, lakini mwalimu hajengwi hivyo. Peter Mbiyu Koinange, aliyerudi kutoka masomoni Marekani na Uingereza katika mwaka wa 1938, alichukua uongozi wa chuo cha ualimu kilichofunguliwa Githunguri mwaka wa 1939. Fedha zilikusanywa kwa njia ambayo watu waliifahamu tangu zamani, yaani kwa marika. Kila rika lilitoa sehemu yake, na rika moja halikupenda kuaibishwa na jingine. Wanawake nao walichanga fedha zao wenyewe ili wajenge bweni la wasichana. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka. Katika ugomvi wa mwaka wa 1929 mwili wa msichana ulijadiliwa zaidi na wanaume, wa misheni na wa kabila. Hapa wanawake wenyewe walisema kwa fedha zao kwamba msichana anastahili pia kusoma.

Baada ya vita, Jomo Kenyatta alikiongoza chuo hicho kuanzia mwaka wa 1947. Lakini hatari ilikuwa inakaribia. Taarifa ya Beecher ya mwaka wa 1949 ilipendekeza usimamizi mkali zaidi, na mpango ambao ungewaachia watoto wengi miaka minne tu ya masomo. Wazazi wa shule za kujitegemea waliona humo mlango unafungwa mbele ya watoto wao. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, serikali ilizidhania shule hizo kuwa maficho ya Mau Mau. Shule zaidi ya 100 zilifungwa. Chache zilifunguliwa tena chini ya misheni au halmashauri za wilaya. Nyingi hazikufunguliwa kabisa. Githunguri, mahali palipojengwa ili watoto wapate walimu, pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu.

Majengo yalichukuliwa, mazoea hayakuchukulika. Kenyatta alipotoa wito wa Harambee katika mwaka wa 1963, hakuwafundisha watu jambo jipya. Shule za sekondari zilijengwa kwa michango, na shule za watoto wadogo, ambazo serikali haikuzipa nafasi kubwa, kwa muda mrefu ziliendeshwa na wazazi waliomlipa mwalimu wenyewe. Lakini mchango una upungufu wake: penye kahawa na chai shule ilisimama upesi, penye ukame mtoto alingoja. Hata baada ya karo za madarasa ya chini kufutwa mwaka wa 1974, michango ya majengo ilirudi kwa jina jingine na kuwafukuza maskini. Katiba ya mwaka wa 2010 ndiyo iliyoziweka shule za watoto wadogo mikononi mwa serikali za kaunti.

Basi haba na haba zilijaza kibaba, lakini historia hii ina fundisho lililo zaidi ya hilo. Wazazi wale hawakutoa mali ili serikali ipumzike. Walitoa ili wawe na neno juu ya mtoto wao. Dola ikiichukua gharama inatimiza wajibu wake, lakini ikilichukua na lile neno, itakuwa imewarudisha wazazi pale walipokuwa kabla ya mwaka wa 1929.