Damu ya Mja ni Amana

Wazee wetu wa Mrima waliijua sana kazi ya kuumika kwa pembe. Na mwenye kuumika aliye hodari, jicho lake halikuwa penye pembe tu, bali usoni mwa mgonjwa: je, anatoka jasho? Anaona kizunguzungu? Akiona hivyo, huibandua pembe mara moja.

Jambo hili lina asili ya kale. Katika karne ya 12, al-Shayzari wa nchi ya Sham aliandika kitabu juu ya hisba, yaani kazi ya muhtasibu mwenye kusimamia masoko na mafundi. Humo aliwataka watoa damu wawe waaminifu wenye kuijua mishipa, na wasimtoe mtoto damu bila ya idhini ya walii wake.

Kisha elimu ikasonga mbele. Mwaka 1914, huko Baltimore, Marekani, Profesa John Jacob Abel na wenzake waliwatoa mbwa damu, wakayatenga maji yake, yaitwayo plazima, na chembe wakazirudisha mwilini. Leo mashine huwafanyia hivyo wanadamu: plazima yenye madhara huondolewa, ikatiwa badala yake. Mwaka 1991 madaktari wa Kanada walieleza habari za maradhi ya damu kuganda katika mishipa midogo: waliobadilishwa plazima, 40 katika 51 walikuwa hai baada ya miezi 6, waliotiwa plazima tu bila ya kubadilishwa, 32 katika 51.

Lakini tiba hiyo ina hatari zake. Sitreti, dawa inayozuia damu isigande mashineni, huifunga kalsiamu ya mwili, na midomo na vidole vikaanza kufa ganzi. Presha yaweza kushuka, vipele vikatoka, baridi ikamshika mgonjwa. Ndiyo maana hupimwa presha, mapigo ya moyo na joto, kabla ya kazi, wakati wake na baada yake.

Basi wewe uliye Fukayosi, ikiwa siku moja mzazi wako atahitaji tiba hii, mtajie daktari kila dawa anayoimeza, hasa za presha, kwani ziko zinazoweza kumwangusha akiwa mashineni. Na umwambie mzee asinyamaze. Wengi wetu hudhani kunyamaza ni subira. La! Mashine haiioni ganzi ya midomo; aijuaye ni mgonjwa peke yake. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na kusema mapema ni katika kuilinda.