Ukibadilisha saizi ya mipira, kontere ya mbio inadanganya

Mu Naviundu, kama mu mitaa mingine ya Lubumbashi, mwenye gari ya okazio anaweza kuvalisha mipira ya gari, ao pneu, mikubwa kuliko ile ya kiwanda, ili gari isiguse chini wakati wa mvua. Lakini kontere haijui kama mipira imebadilika. Inahesabu mizunguko tu, na kuigeuza kuwa kilomita kwa kipimo cha zamani.

Saizi inaandikwa ubavuni mwa mpira. 195/65 R15 maana yake ni upana wa milimita 195, ubavu wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na janti ya inchi 15. Kimo chote ni karibu milimita 634. Mpira wa 205/70 R15 unafika 668, zaidi ya asilimia 5. Kama kontere ilikuwa sawa mbele, sasa ikionyesha 80, gari iko kwa 84. Nguvu ambayo freni zinapaswa kumaliza inapanda karibu asilimia 11. Kwa mtoto anayevuka barabara, hiyo si kidogo. Vidanji ya kilomita 5 000 nayo inachelewa mpaka karibu 5 260. Mipira midogo inaleta kinyume.

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza kontere kuonyesha mbio ndogo kuliko za kweli, ndiyo sababu nyingi zinazidisha kidogo toka kiwandani. Basi, pima kwanza. Kwa barabara iliyonyooka, shofere ashikilie 60, na abiria asome GPS ya telefone. Bila GPS, abiria ahesabu sekunde za kilomita moja, kisha agawanye 3 600 kwa hesabu hiyo: sekunde 57 ni kilomita 63 kwa saa.

Gari nyingi za zamani zina kamba ya kontere inayozungushwa na pinyo ndogo mu bwati ya vitesi. Kutoa pinyo ya meno 20 na kuweka ya 19 kunapandisha kontere asilimia 5. Kwa gari za kompyuta, fundi anaingiza saizi mpya na mashine ya diagnostiki, kama modeli inakubali. Isipokubali, dawa ni kurudisha saizi ya kiwanda. Mara nyingi imeandikwa kwenye fremu ya mlango wa shofere. Kusogeza sindano kwa mkono hakusaidii: hesabu ya kilomita inabaki na kosa lile lile.