RSS ni nini, na inakusaidiaje kufuatilia habari?

Huenda una tovuti saba au nane unazozipitia kila siku: za habari, za maswali na majibu, za mawaidha na nyinginezo. Unazifungua moja baada ya nyingine, na mara nyingi hukuti jipya. RSS hukuondolea usumbufu huo.

Maana yake

RSS ni faili dogo ambalo tovuti hulitengeneza yenyewe, lenye orodha ya makala zake za karibuni: kichwa cha habari, tarehe, muhtasari na kiungo cha makala kamili. Faili hilo huitwa mlisho. Ukilifungua kwa kivinjari cha kawaida unaweza kuona alama nyingi zisizosomeka. Usidhani limeharibika, linahitaji programu ya kusomea milisho, ambayo hulipitia kila baada ya muda na kukuletea yaliyo mapya.

RSS ya kwanza ilitolewa na Netscape mwaka 1999, na toleo la 2.0 likafuata mwaka 2002. Mwaka 2005 ulikamilika mfumo mwingine uitwao Atom. Programu nyingi husoma yote mawili.

Namna ya kuanza

1. Chagua programu. Feedly na Inoreader hutumika kwenye simu na kompyuta. Thunderbird husoma milisho kwenye kompyuta.
2. Katika tovuti unayoitaka, tafuta alama ya rangi ya chungwa yenye nukta na mistari miwili iliyopinda, au neno RSS.
3. Nakili anwani yake, kisha ibandike kwenye programu pale pa kuongeza mlisho. Usipoiona alama, jaribu kubandika anwani ya tovuti yenyewe. Mara nyingi programu huutafuta mlisho.

Hutakiwi kuipa tovuti namba yako ya simu wala barua pepe. Ukichoka na mlisho, unaufuta tu.

Faida yake

Tangazo la mwandamo wa mwezi au fatwa ikipita mikononi mwa watu kwenye makundi ya simu, mara nyingi hufika bila tarehe, bila jina la aliyejibu, na wakati mwingine bila swali lenyewe. Jibu alilopewa mtu mmoja kwa hali yake hugeuzwa hukumu ya watu wote. Tangazo la mwaka jana husambazwa kana kwamba ni la leo, na watu wakafungua siku isiyo yake. Kwa RSS, habari inatoka kwa mwenyewe aliyeitoa, na kiungo cha makala kamili kipo.

Tahadhari

Mlisho hauthibitishi ukweli wa habari. Unaleta tu kilichoandikwa, kwa hiyo chagua vyanzo unavyoviamini. Baadhi ya milisho hutoa muhtasari peke yake. Usitegemee mistari miwili katika jambo la halali na haramu, fungua usome jibu lote.

Pia, hifadhi orodha ya milisho yako. Google Reader, iliyotumiwa na watu wengi, ilifungwa Julai 2013. Waliohifadhi orodha zao katika faili la OPML walihamia programu nyingine kwa urahisi. Wengine ilibidi waanze upya.