Kauli, Rehani na Fuliza: Msamiati wa Mkopo katika Historia

Hatuna budi kuanza na mali kauli, yaani bidhaa zinazochukuliwa bila fedha kwa ahadi ya kulipa baadaye. Dhamana yake, kama jina linavyodokeza, ni neno la mtu. Mkopaji alimjua mdai wake, na tofauti ya hali zao aliiona kila alipopita barazani pake.

Tofauti hiyo iliweza kuzua uhasama. Unguja na Pemba, wenye mashamba ya mikarafuu waliyaweka rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuwadhibiti wakopeshaji na uhamishaji wa ardhi. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wakaigomea karafuu. Hasira ilimwelekea mdai mwenye sura, na serikali, iliyotoza ushuru karafuu hiyohiyo, ikajionyesha kuwa mlinzi.

Leo mdai hana baraza. Safaricom ilipozindua Fuliza nchini Kenya mwaka 2019, ilitwaa kitenzi chetu kikongwe cha kutenda bila kukoma (mfululizo ni ndugu yake). Deni halitajwi, mkopaji anasifiwa kwa kuendelea. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ukosefu wa usawa unapofichika: anayekopa nauli aghalabu haulizi kwa nini mshahara hautoshi, bali kwa nini kikomo chake ni kidogo. Katika uchaguzi wa 2022 walalahoi walipambanishwa na familia za watawala. Novemba ukazinduliwa mfuko wa Hustler Fund, na lalamiko la tabaka likajibiwa kwa mkopo wa kuanzia shilingi 500.