Upau uliotoweka kwenye kioo

Newala. Zogo lilianza saa nne asubuhi, nje ya ofisi ya chama kimoja cha msingi cha ushirika huku juu uwandani. Orodha ya malipo ya korosho ilikuwa imefika lakini wino wa printa umekwisha. Karani, binti aliyekuwa na wiki mbili tu kazini, akaamua wakulima waingie wawili wawili wajisomee majina kwenye kompyuta. Mzee wa kwanza akavaa miwani, akainama, akasoma taratibu majina 31 yaliyoenea kwenye kioo. Hakujiona.

“Ndiyo yote haya, mwanangu?”

“Yapo mengine, mjomba, subiri nishushe.”

Gurudumu la kipanya halikuzunguka, lilikuwa limekufa zamani. Binti akatafuta ule mstari wa pembeni wa kuvutia kwa mkono. Hakuuona. Mzee naye hakungoja, akatoka nje akawaambia wenzake kwamba jina lake halimo.

Asiyewahi kukaa Masasi au Newala wakati wa msimu hawezi kupima uzito wa sentensi hiyo. Watu wa huku hawajasahau Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaja kusomba mzigo, na wakulima wakahakikiwa ili wajulikane si watu wa kangomba, yaani wanunuzi wa magendo. Tangu hapo, orodha si karatasi tu. Ndani ya nusu saa uvumi ulikuwa umeshafika sokoni: majina yameliwa.

Yalikuwepo yote. Kilichokosekana ni mstari mmoja mwembamba ambao mtengeneza mfumo, mahali fulani mbali na hapa, aliona unachafua sura ya dirisha, akauficha.

Nilikwenda pale kwa habari nyingine, nikarudi na hii. Aliyenifungua macho ni fundi wa programu, kijana mzaliwa wa Masasi anayeandika programu za hesabu za kompyuta za mezani, aliyeomba nisimtaje. Mengi yaliyomo humu ni ya kwake, pamoja na chuki zake.

Tuanze na jina la mstari ule. Mitaani watu husema “skroli”, au “shusha hiyo” basi. Kwa maandishi, wapo walioita mwambaa, lakini lililoshika zaidi ni upau, kama katika upauzana. Neno zuri, na la nyumbani. Mjenzi yeyote wa nyumba ya nyasi anajua kwamba kombamoyo hupanda kutoka ukutani hadi kileleni, na pau hulazwa juu yake kwa kukingama, zikafungwa kwa kamba, ndipo nyasi zipate pa kukaa. Nilipomweleza mjenzi mmoja wa zamani jinsi neno hilo linavyotumika kwenye kompyuta, alitaka kwanza kujua mstari wenyewe umelala au umesimama. Umesimama, nikamwambia, upande wa kulia. Basi huo ni kombamoyo, akasema, waliouita upau hawajawahi kupanda juu ya paa. Ule wa chini, unaolala kwa ajili ya kusogeza kushoto na kulia, ndio alioukubali.

Mstari wenyewe ulizaliwa mbali, katika kituo cha utafiti cha Xerox mjini Palo Alto, Marekani. Huko mwaka 1973 walitengeneza kompyuta iitwayo Alto. Kioo chake kilisimama wima kama karatasi, nukta 606 kwa upana na 808 kwa kimo. Mwaka uliofuata Butler Lampson na Charles Simonyi wakaiandikia Bravo, programu ya kuchapia nyaraka. Nyaraka zikawa ndefu kuliko kioo, na ndipo swali likazuka: mtu atafikaje chini? Jibu la Bravo lilikuwa ukingo wa kushoto. Ukipeleka kielekezi pale, kinageuka mshale. Ukibonyeza kitufe cha kipanya, maandishi yanapanda au yanashuka. Katika Smalltalk, lugha ya programu iliyokuzwa katika kituo hichohicho, ukingo huo ukapata umbo: ukanda uliochomoza ubavuni mwa dirisha ulilolifungua, ndani yake kisanduku cha kijivu cha kuvuta.

Mwaka wa Bravo, 1974, ni mwaka ambao Tanzania ilipiga marufuku kompyuta. Wasomaji vijana huwa hawaamini nikisema hivyo. Serikali ilikuwa na kompyuta tangu 1965, kwenye Wizara ya Fedha, na kazi yake ilikuwa hesabu za umma. Hesabu zikavurugika, fedha za kigeni zikawa zimekwenda, na wakubwa wakaamua kwamba dawa ni kufunga mlango: hakuna kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Sheria hiyo ilikuja kulegea kidogo kidogo, ikaisha nguvu kabisa miaka ya mwanzo ya 1990. Televisheni nayo, Tanzania Bara haikuwa nayo hadi 1994. Wenzetu wakabishana dirisha likae vipi, sisi hata kioo hatuna.

Fundi wangu hukasirika akifika hapo, na mimi namwelewa, ingawa nadhani anazidisha. Anasema nchi ilikosa kizazi kizima ambacho kingezoea kufungua kitu na kukitengeneza upya badala ya kukipokea kikiwa tayari kimefungwa. Inawezekana. Lakini katika miaka hiyo Newala ilikuwa bado inahangaika na maji. Uwanda huu hauna mito, na wanawake walikuwa wakiteremka mabondeni alfajiri na kurudi na ndoo jua likiwa limepanda. Sidhani kama kuna aliyeikumbuka kompyuta.

Hatua zilizofuata zinajulikana. Xerox ikatoa Star mwaka 1981, Apple ikatoa Lisa 1983 na Macintosh 1984, Microsoft ikafuata na Windows mwaka 1985. Upau ukahamia kulia ukawekewa mishale juu na chini, na katikati kibao kinachopanda na kushuka kwenye mfereji wake. Huko MIT wakashika njia yao: katika programu za mfumo wa X, upau ulikaa kushoto, kitufe cha kushoto cha kipanya kikishusha na cha kulia kikipandisha. Mafundi wa Unix wa zamani bado wanaupenda, kama mtu anavyopenda baiskeli ya Phoenix.

Ugomvi mkubwa, kwa maelezo ya fundi wangu, ulihusu kile kibao. Ndani ya Macintosh kilikuwa mraba mdogo wa kipimo kimoja siku zote. Hati ya kurasa mbili, mraba uleule. Hati ya kurasa 200, uleule. Kilikuambia uko wapi, hakikukuambia kimebaki kiasi gani. Wenye Amiga, kompyuta ya mwaka 1985, walikuwa na kibao kinachorefuka na kufupika: kikijaza nusu ya mfereji, ujue unaona nusu ya kitu chote. Kompyuta za NeXT nazo hivyo. Windows ilikubali mwaka 1995. Apple, waliokiona kisanduku cha kijivu pale Palo Alto kabla ya wengi, walikaa na mraba wao hadi Mac OS 8.5 ya mwaka 1998.

Nilimuuliza kama jambo dogo namna hiyo lilistahili miaka 14 ya ubishi. Akachukua daftari langu, akaanza kuchora.

Tuseme orodha ina majina 1,240, na dirisha linaonyesha 31. Hiyo ni sehemu moja ya 40. Mfereji ukiwa na urefu wa nukta 620, basi kibao kiwe na moja ya 40 yake, yaani nukta 15 na nusu. Mkono wa mzee hauwezi kukamata kitu hicho, kwa hiyo fundi anaweka kima cha chini, tuseme nukta 24. Hapo ndipo wanafunzi wanapokosea. Wanaongeza urefu wa kibao na kusahau kwamba safari yake imepungua: si 620 tena, ni 596. Upande wa pili, majina ya kuvuka si 1,240, ni 1,209, maana 31 ya mwisho yataonekana kibao kikigota chini. Gawanya kimoja kwa kingine, utapata majina mawili kwa kila nukta. Usipotoa zile 24, kibao kitagota na orodha bado haijafika mwisho. Nani wako mwisho wa orodha? Waliojiandikisha mwisho.

Kisha akabadilisha namba. Chukulia orodha ya majina 60,000, kioo kilekile. Sasa kila nukta ya mfereji inabeba majina 100. Ukivuta kibao kwa nukta moja, umeruka 100. Unaonyeshwa 31, na 69 yamepita bila jicho la mtu. Kwa kuvuta peke yake hutayafikia maisha yako yote. Ndiyo maana ya mishale ile miwili ya juu na chini, inayosogeza mstari mmoja mmoja. Na mishale nayo ina ufundi wake: ukiibonyeza na kushikilia, isogee mara moja, itulie kidogo, ndipo ianze kurudia. Usipoweka utulivu huo, mtu anabonyeza mara moja, orodha inakwenda hatua tano.

Kasoro nyingine alizihesabu kama mtu anayehesabu majeraha. Kuna ya kugawanya kwa sifuri, pale orodha inapokuwa fupi kuliko dirisha na programu ikaanguka kwa sababu hakuna cha kusogeza. Kuna ya kukamata kibao katikati kikaruka ghafla, kwa kuwa mwandishi hakukumbuka kuhifadhi kidole kilishika wapi. Na kuna ile ya Windows iliyomla siku tatu: ujumbe unaoipasha programu habari kwamba kibao kimevutwa hubeba nafasi yake kwa biti 16 tu, na biti 16 haziwezi kuhesabu zaidi ya 65,535. Orodha ikipita hapo, namba zinaanza upya. Unavuta chini, unajikuta juu. Dawa ipo, ni kuuliza mfumo wenyewe nafasi kamili badala ya kuuamini ujumbe, lakini kwanza uwe umeshaumwa ndipo uijue.

Hakuna anayefundisha mambo hayo sasa, alisema. Vijana huchukua kijenzi kilicho tayari, wakakibandika. Nikamwambia hata seremala hakati tena mninga msituni. Hakucheka.

Kwa upande wetu, lango lilifunguka taratibu. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso hapo Masasi, alikuwa Ikulu mwaka 2003 Serikali ilipopitisha Sera ya Taifa ya TEHAMA. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nao wakatafsiri za kwao. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Kupanda na kushuka kwa karatasi kulipata maneno yetu. Leo nenda stesheneri yoyote ya Masasi mjini uulize kama kuna kompyuta iliyowekwa Kiswahili. Nimeuliza sita. Kila mmoja alinitazama kama niliyeomba fedha za rupia.

Yaliyotokea baadaye hayana hadithi ndefu. Mwaka 1996 Microsoft ilitia gurudumu kwenye kipanya chake, na watu wakaanza kuusahau upau. Simu za kugusa zikaja, watu wakazoea kusukuma karatasi yenyewe kwa kidole. Julai 2011 Apple wakatoa Lion, toleo la mfumo wa kompyuta zao za Mac: upau ukafichwa hadi unaposogeza ukurasa, mishale ikaondolewa, hata mwelekeo ukageuzwa ufanane na simu. Watu walilalamika, wakazoea. Wengine wakafuata, na Windows ya sasa hukondesha upau wake mpaka uwe uzi.

Nilimkumbusha fundi kwamba Smalltalk nayo iliuficha upau tangu mwanzo. Alikuwa na jibu. Wale walikuwa na nukta 606 za upana, kila moja ilikuwa shamba. Wa leo wana kioo kipana kama mlango, halafu wanabania nukta 12.

Pale ofisini, aliyemaliza zogo ni kijana aliyemleta bibi yake kwa bodaboda. Aliingia, akapeleka kielekezi ukingoni kabisa kulia, na ule uzi ukanenepa ukawa upau, kibao chake kidogo kikiwa juu. Kisha akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, akawasha kipengele cha kuuonyesha wakati wote. Haikuchukua dakika mbili. Karani alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani, machozi yako karibu.

Mzee aliitwa tena. Alikuwa namba 1,187, kilo zake sahihi, makato yake sahihi. Alijisoma mara mbili, kidole kikigusa kioo, lakini hakuinuka.

“Nishushie mpaka chini, mjukuu wangu.”

“Babu, si umeshajiona?”

“Nishushie. Nimwone wa mwisho ni nani.”

Kijana akavuta kibao hadi kikagota. Mzee akasoma namba 1,240, akasema huyu namjua, huyu yuko nje amekaa kwenye gunia. Akavua miwani akaenda kumwita.