Sampuli moja, majibu kibao

Umewahi kupima sukari hospitali mbili ukapata majibu mawili? Turudi Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1940. William Belk na F. William Sunderman walituma sampuli zilezile, wakijua kilichomo, kwa maabara za hospitali: pimeni sukari, hemoglobini, kalsiamu. Ripoti yao ya 1947 ilikuwa aibu tupu: majibu yasiyoridhisha yalizidi yaliyoridhisha. Na kwa majibu kama hayo mgonjwa wa kisukari alikuwa anapangiwa insulini! Binafsi sidhani ulikuwa uzembe tu. Ukipima peke yako, utajuaje umekosea? Sunderman alifariki 2003, akiwa na miaka 104. Mwaka huohuo kilitoka kiwango cha ISO 15189: maabara inayotaka ithibati lazima ijilinganishe na nyingine.