Madirisha (siyo yale ya Microsoft) na historia ya mpini mrefu

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msichoke. Leo nataka kuandika juu ya madirisha, na kabla hujaniuliza kuhusu virusi, nasema madirisha ya kioo.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili. Asubuhi moja nilikuwa nikisaka hitilafu kwenye programu ya malipo, nikainua macho kutoka kwenye tarakilishi, nikaona viatu. Vilikuwa viatu vya mzee anayetusafishia ofisi, vimesimama kwenye ukingo wa dirisha, upande wa nje. Mkono mmoja umeshika fremu, mwingine una kitambaa. Chini yake, saruji ya maegesho ya magari.

Nikafungua dirisha la pembeni polepole nisije nikamshtua.

"Shikamoo mzee. Mpini uko wapi?"

"Marahaba kijana. Mpini ulikufa wiki iliyopita. Usiogope, mimi nimezoea."

Huo ulikuwa mpini wa tatu kufa katika miezi 20. Ni ile mipini ya alumini ya kurefusha, bomba ndani ya bomba, ambayo unazungusha ili ijibane. Jioni niliuweka mezani nikaufungua kama ninavyofungua programu ya mtu mwingine, yaani kwa dharau kwanza. Bomba lilikuwa zima kabisa. Kilichokuwa kimesagika ni kidude cha plastiki kilicho ndani, kinachobana ukizungusha. Kidude chenyewe hakizidi kidole gumba, na kimefungwa kwa ribiti, huwezi kukitoa bila kukivunja. Bomba zima la mita 4 linatupwa kwa sababu ya plastiki ya shilingi 20!

Ninapokasirika mimi husoma. Nikasoma wiki mbili. Haya ndiyo niliyoyapata.

Anza na kinachokaa kwenye ncha, kile kifutio cha mpira cha kuvuta maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 waosha madirisha wa Marekani walitumia kifutio kilichoitwa Chicago. Kilikuwa cha chuma, kizito, kina mipira miwili, na ukitaka kubadilisha mpira unalegeza skrubu 12. Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akiosha madirisha huko Oakland, California, alichoka nacho. Mwaka 1936 akatengeneza chake cha shaba nyeupe: chepesi, mpira mmoja mwembamba, unaochomolewa na kurudishwa haraka. Hataza aliipata 1938. Wauzaji wakubwa hawakukitaka, kwa hiyo akawagawia waosha madirisha wenyewe, nao wakaenda madukani kukiulizia. (Ukifikiri mbinu ya kugawa bidhaa bure ili watumiaji wapige kelele ilianza na programu za intaneti, fikiri tena.) Vifutio vya leo bado vinafanana na chake.

Angalia alichokifanya. Mpira ndio unaochakaa, kwa hiyo akafanya mpira uwe rahisi kubadilishwa na mwili udumu. Aliyebuni mpini wetu wa ofisini alifanya kinyume: kinachochakaa kwanza amekifungia ndani milele.

Wakati wa Ettore wengi hawakuhitaji mpini mrefu. Dirisha lilifunguka, unatoka unakaa kwenye ukingo. Jengo la Empire State la New York lilipofunguliwa 1931 lilikuwa na madirisha 6,500 hivi, na waoshaji walisimama nje wakiwa wamejifunga mshipi wa ngozi ulionaswa kwenye vyuma pembeni mwa dirisha. Mzee wetu hana hata mshipi.

Kisha mambo mawili yakabadilika. Mwaka 1952, huko huko New York, likajengwa Lever House, kuta zote kioo na madirisha yasiyofunguka kabisa, likiwa na kitoroli cha kuning'inia kutoka paani kwa ajili ya kuoshea. Wenye jengo walikuwa watengenezaji wa sabuni, kwa hiyo kitoroli kilikuwa tangazo pia. Halafu mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ikatangaza njia ya kutengeneza kioo kwa kukimimina juu ya bati lililoyeyushwa, kikatoka laini pande zote bila kusuguliwa. Kioo kikawa rahisi, kikaenda kila mahali. Majengo marefu yakapata vitoroli. Ya ghorofa mbili, tatu, nne, kama letu, yakabaki na ngazi au mpini.

Sasa tuje kwenye bomba lenyewe, na hapa wenzangu wa sayansi ya kompyuta watafurahi.

Mpini unaposhikwa ncha moja hupinda. Uzito ukiwa kwenye ncha (brashi, maji), kupinda huongezeka kwa urefu kipeo cha 3. Kwa uzito wa mpini wenyewe, ni urefu kipeo cha 4. Ukiongeza urefu mara mbili bila kubadilisha bomba, mpini unajipinda mara 16 chini ya uzito wake mwenyewe. Ni algoriti mbaya sana! Ndiyo maana mpini wa mita 2 wowote ni mzuri, na wa mita 8 wa bei rahisi ni tambi.

Unapambana vipi na jambo hilo? Unatafuta kitu kikakamavu lakini chepesi. Chukua ukakamavu wa chuma, gigapaskali 200, ugawanye kwa uzito wake wa gramu 7.85 kwa sentimita mchemraba. Unapata 25 na nusu. Fanya hivyo kwa alumini, 69 kwa 2.7. Unapata 25 na nusu tena! Mbao nzuri na mwanzi navyo huangukia jirani. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Kwa kipimo hiki babu yako aliyeangua maembe kwa mwanzi hakuwa nyuma ya mtu yeyote, na mwanzi tayari ni bomba.

Faida ya alumini ilikuwa kwingine. Haiozi, hunyooka, na mabomba yake huingiana vizuri. Na ilikuja kuwa rahisi. Mwaka 1884 Wamarekani waliweka kofia ya alumini ya chini ya kilo 3 kwenye kilele cha mnara wa Washington kwa sababu ilikuwa metali ya fahari. Miaka miwili baadaye Charles Hall huko Ohio na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, wakagundua njia ya kuitenga kwa umeme, bei ikaporomoka. Wote wawili walizaliwa 1863. Mimi nikiwa na umri wao huo nilikuwa nikihangaika na mradi wa mwaka wa mwisho chuoni.

Udhaifu wa alumini ni kwamba hukumbuka kila pigo. Ukiuangusha mpini ukabonyea kidogo tu, bomba la ndani halipiti tena. Hata hivyo, katika mipini yetu mitatu hakuna hata mmoja uliokufa kwa kubonyea. Yote ilikufa kwenye viungo.

Aliyevunja ule ukuta wa 25 ni nyuzi za kaboni. Mwaka 1958 Roger Bacon, mwanafizikia wa kampuni ya Union Carbide karibu na Cleveland, alikuwa akichunguza jinsi kaboni inavyoyeyuka, akakuta vinyuzi vidogo vyenye nguvu za ajabu. Kwa makadirio yake vilikuwa na gharama ya dola milioni 10 kwa ratili moja. Mwaka 1961 Akio Shindo wa Japani akaripoti njia ya kupata nyuzi za kaboni kutokana na nyuzi za plastiki zinazofanana na za nguo. Waingereza wa Farnborough wakaziboresha, na Rolls-Royce ikazikimbilia kwa ajili ya mapanga ya injini yake ya RB211. Mapanga yale yalivunjika kwenye majaribio ya kugongwa na ndege (ndege wa manyoya, namaanisha), yakabadilishwa kuwa ya titani, na gharama za injini hiyo zikaifilisi kampuni Februari 1971. Kaboni ikashuka kutoka kwenye injini ikaingia kwenye fimbo za kuvulia samaki na za gofu. Huko ndiko watu walikojifunza kutengeneza mabomba marefu, membamba na mepesi, na mpini wa dirisha ni ndugu wa fimbo ya samaki.

Ule mgawanyo kwa kaboni iliyolazwa upande mmoja hufika 80 na zaidi. Leo nyuzi za kawaida za viwandani huuzwa kwa makumi ya dola kwa kilo, kwa hiyo Bacon angecheka. Lakini kaboni haibonyei, hupasuka. Pia mchanga ukiingia kati ya bomba na bomba huzisaga nyuzi kila unapoufungua na kuufunga.

Nani alinunua mipini hii ghali? Waosha madirisha wa Uingereza, na sababu kubwa ilikuwa sheria. Tarehe 6 Aprili 2005 zilianza kutumika huko kanuni za kufanya kazi mahali pa juu. Watu walisema ngazi zimepigwa marufuku, si kweli. Kanuni zilisema kwamba kama kazi inaweza kufanyika bila mtu kupanda juu, basi asipande. Mpini wa mita 10 wenye brashi na mpira wa maji, mtu akiwa amesimama chini, ukawa jibu. Maji yakichujwa madini yote, kioo hujikaushia bila madoa na huhitaji kukifuta.

Nilitaka mfumo huo. Nikapima maji yetu. Ni ya kisima, na ukiyaacha kwenye kioo yakauke yanaacha ramani nyeupe. Anayetumia maji laini ya Ndakaini ana nafuu, lakini kwetu ningehitaji kuchuja kabla ya kila kazi, na mhasibu alinitazama kama nimeomba ndege. Tukabaki na mpini wa kawaida, sabuni na kifutio cha mtindo wa Ettore.

Basi nikachagua faibaglasi. Kwa ule mgawanyo haiizidi alumini, ni nzito kuliko kaboni, na mzee alilalamika siku ya kwanza kwamba mabega yanamuuma. Sababu yangu iko nje ya dirisha: nyaya za umeme wa volti 11,000 zinapita kando ya jengo. Alumini hupitisha umeme. Kaboni nayo hupitisha, jambo ambalo wengi hawalijui kwa sababu inaonekana kama plastiki. Faibaglasi kavu haipitishi. Ikilowa usiiamini, kwa hiyo bado tumekubaliana kwamba upande wa nyaya haoshi mtu.

Sababu ya pili ni viungo. Vibanio vya huu viko nje, vimefungwa kwa skrubu, na muuzaji anauza kibanio kimoja kimoja. Nilimuuliza hilo kabla ya kuuliza bei. Akashangaa.

Sasa hesabu, maana najua mnaingoja. Mipini mitatu ya kwanza: shilingi 1,800 ukakaa miezi 7, 1,500 ukakaa miezi 5, 2,200 ukakaa miezi 8. Jumla 5,500 kwa miezi 20, yaani 275 kwa mwezi. Wa faibaglasi: 9,500, pamoja na vibanio viwili vya 250 kila kimoja. Jumla 10,000. Umekaa miezi 26 mpaka leo, yaani kama 385 kwa mwezi.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mpaka leo ile ya ovyo bado ni nafuu kwa mwezi. Wangu utaipita ukikaa miezi 11 mingine bila gharama mpya. Mhasibu ananikumbusha kila mwisho wa mwezi.

Kile ambacho hesabu yake haina ni siku za katikati. Mpini wa kwanza ulipokufa, wa pili ulinunuliwa baada ya wiki 3. Wa pili ulipokufa tulingoja wiki 6 kwa sababu bajeti ilikuwa imefungwa. Madirisha hayakungoja, wala bosi. Nilimuuliza mzee wiki hizo alikuwa akifanyaje, akanionyesha ukingo kwa kidevu. Ile asubuhi ya viatu haikuwa mara ya kwanza. Mimi ndiye nilikuwa sijainua macho.

Kenya tuna sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inayomtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake. Niliichapisha nikamwekea mhasibu mezani pamoja na ankara ya mpini. Sijui ni kipi kilimshawishi.

Kuna jambo moja nililikosea. Nilinunua brashi ya ziada bila kuangalia sehemu ya kuzungushia. Mpini ulikuwa na uzi wa Kimarekani, inchi 3/4 yenye mizunguko 5 kwa inchi, na brashi ilikuwa na uzi wa Ulaya. Haviingiani. Mwanaprogramu mzima nimesahau kukagua kiolesura! Fundi wa jua kali alinitengenezea kiunganishi kwa shilingi 300, nacho sijakiingiza kwenye hesabu ya juu kwa sababu ni aibu yangu binafsi.

Juzi kibanio cha tatu kimeanza kuteleza. Mzee ndiye aliyeniambia, mapema, kabla hakijaachia. Sasa huwa nina viwili vya akiba kwenye droo, chini ya nyaya za mtandao, na bisibisi. Tulikibadilisha kwa dakika 10, kisha akaenda kuosha upande wa maegesho, akiwa amesimama kwenye saruji.